Kwa mtaalamu anaongea, nyumbani kimya: wazazi wanakosea wapi?

Swali
Habari wadau. Mtoto ana miaka 3 na miezi 4, masikio yamepimwa, hayana shida. Tiba ya usemi ni mara moja kwa wiki, dakika 40. Kule anataja vitu zaidi ya ishirini. Nyumbani anavuta mtu mkono na kuonyesha kidole tu. Baba anasema ataongea muda ukifika, mama anamkazania "sema maji!" mpaka analia. Nani yuko sahihi?

Jibu 1
Hakuna. Wote wanamchelewesha, kila mmoja kivyake.

Piga hesabu: akiwa macho saa 12 kwa siku, ni saa 84 kwa wiki. Kikao hakifikishi hata saa moja. Kule anaongea kwa kuwa anapewa sababu ya kuongea, kisha anasubiriwa. Nyumbani akivuta mkono, maji yanakuja. Ahangaike na maneno ya nini?

"Sema maji" nayo ni mtihani, na anayeshindwa mtihani kila siku hujifunza kuukwepa. Mama achuchumae, macho yake na ya mtoto yawe usawa mmoja, ainue vitu viwili: "Maji au juisi?" Halafu anyamaze, ahesabu kimoyomoyo hadi 10. Wengi hufika 2 wakaropoka. (Msitumie maji na maziwa: akisema "ma" hamtajua anataka kipi.) Sauti yoyote aliyojaribu ipokewe, apewe. Akikaa kimya, mama ataje mwenyewe, "maji", ampe. Kumnyima kinywaji ili aongee si tiba.

Jibu 2
Naunga mkono, ila maswali nayo yapungue. "Hii nini? Ile rangi gani?" mfululizo yanamfunga mdomo. Badala ya kuuliza, ongezeni neno moja juu ya lake. Akisema "gari", mjibuni "gari limeanguka". Akisema "gali", "eeh, gari", basi, mchezo uendelee. R ni katika sauti zinazochelewa, si ya kugombania sasa.

Muda: dakika 5 mara tatu kwa siku zinatosha kuanzia, ndani ya kuoga, kuvaa na kucheza. Msiweke "darasa" la nusu saa, litakufa kabla wiki haijaisha. Kuna tiba ya tabia aliyoibuni Sheila Eyberg huko Marekani miaka ya 1970: mzazi hucheza na mtoto dakika 5 kila siku, mtoto ndiye anaongoza, na kwenye kikao mtaalamu humwelekeza mzazi kupitia kifaa cha sikioni. Haikutungwa kwa ajili ya usemi, lakini angalieni nani anafundishwa pale. Ni mzazi.

Muuliza swali
Asanteni. Na baba ambaye haoni tatizo?

Jibu 3
Ndugu, usibishane naye, mpe kazi. Awe mwandishi wa daftari: neno, siku, mtoto alikuwa akifanya nini, na alilisema mwenyewe au aliiga. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Maneno ishirini ya kuiga hayalingani na matano aliyoyatafuta mwenyewe. Baada ya wiki sita daftari litamwambia kama kungoja kunasaidia.

Pia aingie kwenye kikao, ashike vifaa yeye, mtaalamu amrekebishe papo hapo. Kutazama kupitia dirishani hakufundishi mkono.

Mengine mawili yanayosahaulika: kaka na dada wanaomjibia waambiwe waache, na sentensi "huyu haongei" isisemwe mbele yake kwa wageni. Wageni wakishasikia hivyo hawamsemeshi tena, na nafasi za kuongea zinazidi kupungua.

Jibu 1
Nyongeza: kila kikao kikiisha ombeni lengo moja tu la wiki, na mtaalamu awaonyeshe kwa vitendo kabla hamjatoka. Akiwa anafunga mlango na kuwarudishia mtoto bila maelezo, mwambieni wazi mnataka dakika 10 za mwisho ziwe zenu.