Dada wa pampu kaweka petroli kwenye Prado ya dizeli, bosi anataka akatwe mshahara. Nifanyeje?

Msimamizi_Zamu

Wakuu, salaam. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye sheli moja ya barabara kuu huku Morogoro. Nina jambo limenikaa kooni tangu juzi.

Jumanne usiku, ile ya kuamkia bei mpya za mafuta za EWURA, mamlaka ya nishati, mnajua inavyokuwa. Fununu zilianza mchana kwamba petroli inapanda. Foleni imetoka mpaka barabarani, bodaboda zimejipenyeza kila upande, kila mtu anataka kujaza kabla ya saa sita. Kama saa nne na nusu ikaingia Prado nyeupe. Dereva simu iko sikioni, kashusha kioo kidogo, "weka ya laki", kapandisha kioo. Binti akaweka ya laki. Akaweka petroli, na gari ni ya dizeli.

Jamaa hakufika mbali, gari likaanza kukohoa, likazima. Fundi kashusha tanki, kasafisha, kabadilisha filta, na anasema pampu ya presha nayo imeguswa. Bili mpaka sasa 1,350,000. Mwenye gari anatudai sisi na ana haki, sibishani naye.

Bosi kaamua binti akatwe laki moja kila mwezi mpaka iishe. Mshahara wake ni laki mbili na nusu. Amepanga, ana mtoto. Ana miezi saba kazini na hajawahi kupata shoti, yaani hela za mauzo kupungua, hata ya elfu moja. Tangu juzi wenzake hawamwiti jina lake, wanamwita "Prado". Na mimi ndiye natakiwa kuandika barua ya onyo niipeleke ofisini kesho.

Sisemi hajakosea. Lakini nikiiandika, keshokutwa pampu zitakuwa zilezile na foleni ileile, tofauti ni kwamba yeye atakuwa na deni. Mliowahi kusimamia watu, mlifanyaje?

Mzee_wa_Lori

Mkate huyo mshahara. Nina malori mawili, utingo wangu alisahau kukaza nati za tairi la nyuma, nikamkata mshahara wa mwezi mzima. Mpaka leo hajasahau tena. Mtu asipoumia hajifunzi. Mnawadekeza sana hawa vijana.

Msimamizi_Zamu

Mzee shikamoo. Hajasahau tena, au akisahau hakuambii?

Mzee_wa_Lori

Marahaba. Tairi likichomoka nitaona tu.

Fundi_Nozeli

Mkuu mimi ni fundi wa injini za dizeli, gari za namna hiyo naletewa kila mara, kwa hiyo niongee kidogo.

Kwanza watu wajue kwa nini kosa linakwenda upande huo. Mkono wa pampu ya dizeli mdomo wake ni mnene kuliko wa petroli. Ukitaka kuweka dizeli kwenye gari la petroli la kisasa, mara nyingi mdomo unagoma kuingia, unashtuka mwenyewe kabla hujabonyeza. Lakini mdomo wa petroli kwenye tanki la dizeli unaingia kama kijiko kwenye sufuria. Hakuna kinachokugomea. Aliyebuni alikulinda upande mmoja tu, upande wa pili kakuachia kumbukumbu yako.

Pili, hiyo Prado ni mtego. Modeli ya KDJ120 ni dizeli, TRJ120 ni petroli, bodi ileile, rangi ileile, taa zilezile. Hiace nazo hivyohivyo, KDH na TRH. Mimi mwenyewe mpaka nifungue boneti au nisikilize ikiwaka. Binti ataona nini saa nne usiku na injini imezimwa?

Tatu, dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya presha. Petroli inakausha, chuma kinasagana na chuma. Gari lisipowashwa, unashusha tanki, unasafisha, hasara ni mafuta na posho ya fundi. Likiwashwa ndipo zinakuja hizo bili za milioni. Sasa nikuulize: kama angegundua dakika ileile mteja hajawasha, angethubutu kusema "kaka samahani, usiwashe"? Kwa bosi wa namna hiyo? Mimi ningekaa kimya niombe Mungu.

Dada_Wodini

Kaka pole na majukumu. Mimi ni muuguzi, mafuta siyajui, lakini hii stori yako ningeweza kuiandika mimi ukibadilisha pampu ukaweka kabati la dawa.

Miaka ya nyuma, sehemu niliyokuwa nafanya kazi, ampuli za potasiamu kloraidi na za maji ya sindano zilikaa trei moja. Ndogo, za plastiki, kilichomo ni cheupe kama maji, maandishi ya bluu kote kuwili. Potasiamu ile ukiichoma kwenye mshipa bila kuichanganya kwenye dripu, moyo unasimama. Usiku mmoja nilishavuta kwenye bomba la sindano, nikashtuka nilipogeuza ampuli tupu kuitupa. Nilikaa chini mikono inatetemeka. Nikaimwaga, nikavuta maji, nikaendelea na kazi. Unadhani nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Nilijua nitaitwa mzembe kwenye kikao cha asubuhi. Trei ikabaki vilevile kwa wenzangu wa zamu iliyofuata, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kosa lenyewe.

Baadaye alikuja matroni mmoja. Hakuuliza "nani", alituuliza "ni kitu gani hapa wodini kingeweza kukuponza usiku?" Watu wakafunguka. Wiki ileile potasiamu ikahamishwa, ikafungiwa mbali na wodi. Na si ajabu ya kwetu tu, hospitali nyingi duniani zimeitoa kwenye makabati ya wodi kwa sababu hiyohiyo.

Nyingine. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya maswali ya upasuaji kwenye hospitali za miji minane, na mmoja ulikuwa Ifakara, mkoani kwako hukohuko. Vifo vya baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa hospitali zote nane kwa pamoja. Kwenye orodha ile kuna kipengele watu wanakicheka: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Wanasema ni mbwembwe. Lakini muuguzi mdogo akishasikika sauti yake mara moja, hata kwa kutaja jina tu, kumwambia daktari bingwa "subiri kwanza" kunakuwa kwepesi. Binti wako alipopandishiwa kioo usoni, alikuwa na ruhusa ya kukigonga?

Kanzu_na_Tai

Naongezea la sheria, kwa ufupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara kuna masharti: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aandikiwe sababu, kiasi na jinsi kilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 250,000 ni 62,500. Hiyo laki ya bosi imeshapita, na nafasi ya kupinga sioni kama alipewa. Akienda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, bosi atatafuta maneno.

Msimamizi_Zamu

Wakuu, narudi na mrejesho, na mnisamehe maana ni mrefu.

Barua sikuandika. Leo saa kumi na mbili asubuhi zamu zinapopokezana niliwaita wote nyuma ya ofisi, nikanunua chai na chapati, nikauliza lile swali la matroni. Kimya. Wanaangalia vikombe. Mmoja akasema "hakuna shida bosi, ni umakini tu."

Ikabidi nianze mimi. Mwaka 2019 nikiwa bado naning'inia kwenye pampu, sheli nyingine, niliweka petroli kwenye Canter ya dizeli. Nikamwambia dereva kabla hajawasha, tukaisukuma gizani, tukashusha tanki, nikampa elfu thelathini anyamaze. Hakuna aliyejua, na mwaka uliofuata nikapewa usimamizi. Sijawahi kumwambia mtu hapa kazini, hata mke wangu anaisoma hapa kama yumo.

Basi, kama nimefungua koki. Kijana wa usiku akasema mwezi wa pili alifanya hivyohivyo kwa Hiace, alishtuka baada ya lita mbili, akalipa mfukoni. Mama mmoja naye, pampu hiyohiyo namba tatu. Wa tatu akasema yeye huwa ananusa mkono kabla ya kuingiza. Ananusa! Nina msimamizi wa ubora anayetumia pua na sikujua.

Nikaenda kuiangalia pampu namba tatu kama mtu asiyeijua. Namba moja na mbili, petroli iko kulia. Namba tatu iko kushoto. Mpira wa mkono wa dizeli ulikuwa wa njano, ulipasuka mwezi wa tatu, stoo wakaleta mweusi. Wa petroli mweusi pia. Maandishi yapo, yamefutwa na vitambaa vyetu wenyewe kwa kusugua. Na binti tangu aajiriwe yuko namba moja. Jumanne saa tatu usiku namba moja iligoma, akahamishiwa namba tatu katikati ya foleni. Aliyemhamisha ni mimi. Nilipiga mluzi nikanyoosha kidole, nikaendelea kupanga bodaboda.

Kuhusu kioo, nilimuuliza. Akasema, "Nilitaka kugonga, kaka. Ila wiki ile ulinifokea mbele ya mteja kwamba nauliza sana, foleni inasubiri." Silikumbuki hilo neno hata kidogo, ila nadhani nilisema, maana ndivyo ninavyosema.

Nimempelekea bosi picha za ile mikono miwili ikiwa sambamba, na hesabu ya Hiace na ya Prado. Canter yangu pia nimemwambia. Alinyamaza muda mrefu. Kakubali mipira mipya na kupangua namba tatu ifanane na nyingine. La kugonga kioo na kusema "dizeli au petroli?" kila gari, limeanza leo. Kuhusu makato, nilipomtajia kifungu cha 28 kasema "tutaona", na hiyo "tutaona" yake siiamini, nitaifuatilia.

@Fundi_Nozeli, mipira ya njano ya mkono wa pampu Dar inapatikana wapi? Stoo wananiambia ni hiyo myeusi tu.

Fundi_Nozeli

Ulizia Gerezani. Nenda na mpira wa zamani mkononi, usinunue kwa picha ya simu. Wakikosa njano chukua kijani, mradi usirudi na mweusi.

Mzee_wa_Lori

Nimemuuliza utingo. Kumbe nati zilishalegea mara mbili tangu ile, anazikaza usiku nikilala. Spana niliyompa imekwisha meno.