Ngozi ya baba imechubuka kuzunguka stoma

Binti wa Kadutu, Bukavu

Ndugu zangu, baba alipasuliwa tumbo na utumbo mwembamba ukatolewa nje upande wa kulia, kwa hiyo sasa choo chake hupitia kwenye stoma, yaani sehemu hiyo ya utumbo iliyotokeza nje ya tumbo, na kuingia katika mfuko. Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Sasa ngozi inayozunguka stoma imekuwa nyekundu na inatoa majimaji, na tunapobandua mfuko baba hukunja uso kwa maumivu ingawa hasemi neno. Mfuko uliokuwa ukikaa siku tatu sasa unavuja siku ile ile, nasi bado tunakata tundu la kibandiko kinachoshikilia mfuko kwenye ngozi kwa kipimo tulichopewa hospitalini. Shangazi anataka tumpake mafuta ya mawese, na jirani anasema spiriti itakausha kidonda. Naomba ushauri kabla hatujampaka chochote, maana mifuko ni ghali na haipatikani kila mara.

Muuguzi wa Ibanda

Pole sana, dada, na umpe baba pole zangu. Msimpake mafuta wala spiriti: mafuta huzuia kibandiko kushika, na spiriti huichoma zaidi ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Ninalolishuku kwanza ni lile tundu. Stoma huwa imevimba baada ya upasuaji, kisha hunywea kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Mkiendelea kukata kwa kipimo cha awali, hubaki pete ya ngozi iliyo wazi, na choo cha utumbo mwembamba, ambacho ni chepesi na bado kina vimeng'enya vya chakula, huila ngozi hiyo. Pimeni upya leo. Kateni tundu katika karatasi ngumu, mlirekebishe mpaka lizunguke stoma likiacha nafasi ya milimita 2 au 3 tu, kisha karatasi hiyo iwe kipimo chenu.

Bandueni polepole kutoka juu kwenda chini, mkono wa pili ukikandamiza ngozi. Osheni kwa maji ya vuguvugu bila sabuni yenye manukato, kisha kausheni kwa kugusagusa kwa kitambaa laini. Penye majimaji nyunyizeni unga wa stoma, yaani poda maalumu ya kufyonza majimaji, na mpanguse uliozidi, kwa sababu unga mwingi nao huzuia kibandiko. Ngozi ikianza kuwasha au kuchoma chini ya kibandiko, badilisheni mara moja hata kama mfuko unaonekana mzima. Najua bei yake, lakini kuuacha hapo kutaongeza kidonda, na kidonda kitawamalizia mifuko mingi zaidi.

Mzee wa Bagira

Mwanangu, mimi mwenyewe ninaishi na stoma. Mtazame baba akiwa ameketi, si amelala tu, kwa kuwa mikunjo ya tumbo hujitokeza mtu anapoketi, na choo hupenya humo. Badilisheni asubuhi kabla hajala, wakati utumbo umetulia, na amwage mfuko ukifika theluthi, kwani uzito wake huvuta kibandiko, hasa kwa sisi tunaopanda vilima vya Bukavu kwa miguu.

Binti wa Kadutu, Bukavu

Asanteni sana. Tumepima, na kweli tundu lilikuwa limezidi. Lakini pembeni kuna vipele vidogo vyekundu vinavyomwasha.

Muuguzi wa Ibanda

Vipele vilivyotawanyika nje ya wekundu, tena vinavyowasha, mara nyingi ni fangasi, ambayo hupenda joto na unyevu. Mpelekeni kituo cha afya vikaangaliwe, na mkiandikiwa dawa, ombeni ya unga badala ya krimu ili kibandiko kishike. Damu kidogo wakati wa kuosha stoma isiwatishe. Stoma ikigeuka zambarau au nyeusi, damu isipokoma, au choo kikikatika huku baba akitapika na tumbo likimuuma, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.