Mdogo wangu anataka kuahirisha chuo kwa ajili ya raga, na timu ya taifa ya Kenya, Shujaa, ndio hao wameshushwa. Naomba ushauri

Dada wa Lurambi
Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo. Tangu Jumapili ya tarehe 21 Mei 2023, Shujaa walipofungwa na Kanada 12-7 kule Twickenham, London, na kushushwa kutoka msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba, nyumbani kwetu hakuna usingizi. Mdogo wangu ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza chuoni, anacheza winga. Mwaka 2016 alikuwa darasa la sita. Tulirudi kutoka misa mchana, tukawasha runinga, Kenya ikaitandika Fiji 30-7 fainali ya Singapore. Tangu siku hiyo hana wimbo mwingine. Sasa anataka kuahirisha masomo mwaka mzima ashughulikie raga tu. Anasema timu ikishuka ndipo vijana wapya huitwa. Karo iko mikononi mwangu. Nimkubalie?

Mzee wa Ngware
London ilikuwa mazishi tu, mgonjwa alikuwa hoi kitambo. Msimu ulikuwa na duru 11 kuanzia Hong Kong Novemba, na kila mtu alijua timu zitapunguzwa kutoka 16 hadi 12. Sisi tukaokota alama kama mtu anayeokota kuni za mvua. Mwisho tumejikuta chungu kimoja na Kanada, Uruguay na Tonga, nafasi moja tu ya kubaki. Mwaka 2016 tulikuwa na marehemu kocha Ayimba kwenye benchi na Collins Injera uwanjani. Nikikumbuka nalia.

Binti Mvita
Mzee wangu, pole, lakini dada ameuliza habari za nduguye.

Kijana wa Njiro
Mkuu, huku Arusha sisi ni watu wa kandanda. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikafuata mpira. Posho ilikuja miezi miwili, wa tatu tukaambiwa tuvumilie. Nilivumilia mpaka nikaanza kulala kwa shemeji. Leo nauza vipuri vya bodaboda, na wenzangu niliosoma nao wananiletea pikipiki zao. Asome.

Mama Pili
Mtoto wa kiume bila cheti ni mzigo wa dada zake, mimi nimewabeba wawili. Ila kuna kitu sikielewi. Mazoezi ya klabu ni jioni na mechi ni wikendi. Wanafunzi wangapi wanacheza huku wakisoma? Mwaka mzima wa nini? Hujasema yote, mwanangu.

Dada wa Lurambi
Sawa mama. Aliumia goti mwezi wa Machi. Aligeuka ghafla, hakuguswa na mtu, tukasikia kama kijiti kimevunjika. Ligamenti ya mbele, ile kano inayoshikilia goti, imekatika. Upasuaji ni Jumanne na arubuni nimeshalipa. Asipotengenezwa, goti litamchomoka hata akishuka matatu. Kwa hiyo hapo sijakosea.

Binti Mvita
Hukukosea. Pesa zimetoka wapi?

Dada wa Lurambi
Karo.

Binti Mvita
Karo ambayo unatoa wewe, au?

Dada wa Lurambi
Ya harambee. Majirani walichanga Desemba, hata waliouza kuku. Mama ndiye aliyesimama kanisani kuwashukuru, na ana presha, ndiyo maana sijamwambia. Fomu ya kuahirisha masomo nimetia sahihi mimi kama mlezi. Mkopo wangu wa chama ukitoka Agosti nitarudisha yote. Nilitaka tu kujua kama huo mwaka una maana kwake kwenye raga.

Mtazamaji Mkimya
Hii ni chai, wakuu, tena ya rangi. Mara raga, mara goti, mara harambee. Tena fainali ya Singapore 2016 ilichezwa usiku, mimi niliiona taa zikiwaka. Wewe uliiona mchana baada ya misa? Kesho tutapewa namba ya kuchangia.

Kijana wa Njiro
Mkuu amenasa kitu. Namba ikitoka mimi simo.

Mzee wa Ngware
Singapore imetutangulia kwa saa tano. Kwao jua likizama, kwetu ndiyo sahani za mchana zinatolewa mezani. Mimi nilikuwa nyumbani Kisumu, sufuria ya samaki ilimwagika trai ya kwanza ilipoingia. Msichana anasema kweli.

Mtazamaji Mkimya
Basi kwa hilo nimekosea. Samahani dada.

Goti Salama
Kazi yangu ni fiziotherapia, na nimewahudumia wachezaji wa klabu. Baada ya upasuaji huo ni miezi tisa kabla ya kurudi uwanjani, wengine zaidi. Wanaoharakisha ndio ninaowaona mara ya pili wakiwa na goti lilelile. Hesabu kutoka Juni, unafika Machi. Kwa hiyo mwaka anaoombea raga hautakuwa wa raga, utakuwa wa mazoezi ya paja, baiskeli ya kusimama na kujifunza kuruka upya. Mechi za Afrika za kufuzu Olimpiki ya Paris ataziona kwenye runinga. Lakini darasani anaweza kuketi baada ya wiki chache za magongo. Ahirisha muhula mmoja, si mwaka. Je, yeye anajua ni miezi tisa?

Dada wa Lurambi
Anadhani ni mitatu. Daktari alinieleza mimi nje, nikaogopa kumvunja moyo kabla ya kisu. Na fomu nimeshapeleka.

Goti Salama
Fomu hubadilishwa. Nenda kwa msajili kesho asubuhi na barua ya daktari. Na kijana aambiwe kabla ya Jumanne, mguu ni wake.

Mama Pili
Na mama yako atasikia kwa nani? Kwa aliyeuza kuku?

Dada wa Lurambi
Nimetoka kwa msajili, wamekubali muhula mmoja. Mdogo wangu nimemwambia, amegeukia ukutani, hajala. Mama nimempigia sasa hivi. Amenyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, halafu akauliza ni goti la kulia au la kushoto. Anakuja na basi la usiku.