Tupeane uzoefu: mlioitwa "wa kubebwa" chuoni, huko ndani mliishije?

Wadau, habari za Jumapili. Kupendelea wasichana kwenye udahili si jambo la leo. Makerere walianza 1990, msichana anaongezewa pointi 1.5. Kwetu Tanzania, Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watu wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Wasichana wakapungua mpaka serikali ikawaondolea sharti hilo. Siulizi kama ni haki, hapo tumeshatukanana vya kutosha. Ukishaingia, ulikutana na nini? Mliosoma nje pia karibuni.

Dada Karakana: Mimi PCM (fizikia, kemia na hesabu), alama hazikutosha uhandisi, nikapitia kozi ya maandalizi ya wasichana. Hesabu na fizikia asubuhi mpaka jioni, halafu mtihani. Ukifeli unarudi nyumbani. Kubebwa gani huko? Shida ilikuja karakana. Kundi zima mashine moja ya kukereza, mimi napewa daftari: "Dada una mwandiko mzuri, andika vipimo." Muhula mzima! Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee, mkali balaa. Alipanga zamu kwa majina, akasimama pale na saa yake. Hotuba ya usawa hakutoa, na alitufokea wote sawasawa.

Mtu wa Mbale: Sisi tuliitwa "moja nukta tano". Hata mimi niliyeingia bila hiyo nyongeza. Nani angejua?

Kaka Mkubwa: Na wavulana wa shule za kata je?

Mwanzisha mada: Hoja yako ina uzito kaka, ifungulie uzi wake.

Baridi Kali: Nilisoma uzamili Uingereza. Mlangoni maktaba mlinzi anadai kitambulisho changu, wenzangu Wazungu wanapita wakipiga soga. Nikalalamika, nikapewa fomu. Ila mitihani yao ilisahihishwa kwa namba, jina halionekani. Hilo nililipenda kuliko mabango yao yote.

Bint Sapu: Namba hizo zingenifaa. Mhadhiri alishikilia matokeo yangu ya sapu, yaani mtihani wa marudio, akaniambia niyafuate kwake usiku. Sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamkataza mwenye mamlaka kudai ngono ili akupe haki yako, lakini darasani nani anakufundisha hicho? Nilimpelekea mshauri wa wanafunzi meseji zote. Karatasi ikasahihishwa na mtu mwingine, nikapata C.

Mwanzisha mada: Bint Sapu, meseji ulizihifadhi vipi? Mdogo wangu yuko kwenye hali hiyo sasa hivi. Nakufuata pembeni.