Ushauri: kusikiliza redio ya setilaiti nyumba nzima kwa WiFi

Wimbi_Refu: Wakuu, naomba msaada. King'amuzi cha setilaiti kiko sebuleni, nakitumia kwa chaneli za redio tu. Nataka sauti hiyo isikike pia kwenye simu na spika za vyumba vingine kupitia WiFi, bila king'amuzi cha pili. Nyuma kina matundu ya sauti ya RCA, jekundu na jeupe, tundu la optiko (sauti kwa njia ya mwanga) na la waya wa mtandao. Ninayo Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya Linux). Nimechomeka RCA kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB, ile ya matundu mawili: sauti inapasuka na haina stereo. Tatizo ni waya au kadi?

FundiMawimbi: Kadi, mkuu. Tundu lile ni la maikrofoni. Maikrofoni hutoa milivolti chache tu, RCA ya king'amuzi inaweza kufika volti 1 au 2, kwa hiyo kikuza sauti cha ndani kinazidiwa na vilele vya mawimbi vinakatwa. Tena kadi nyingi za aina hiyo huingiza mono. Ukipunguza sauti kwa rimoti mpasuko utapungua, lakini mono itabaki na mvumo utapanda. Pi yenyewe haina pa kuingizia sauti, hivyo tafuta kadi yenye ingizo la laini la stereo. Behringer UCA202 ina RCA moja kwa moja na Linux inaitambua bila draiva.

Ukishaichomeka, andika `arecord -L` uone jina lake. Tumia jina, usitumie namba. Namba inaweza kubadilika Pi ikiwaka upya. Kisha pima (CODEC ndilo jina la UCA202):

`arecord -D plughw:CARD=CODEC -f S16_LE -r 48000 -c 2 -V stereo -d 20 jaribio.wav`

Panga sauti ya king'amuzi mpaka kipimo kisigonge asilimia 100 hata kwenye muziki mzito. Sauti iliyokatwa hapa hakuna programu itakayoirudisha baadaye.

Dishi_na_LNB: Kabla ya kununua chochote, angalia king'amuzi kinaendeshwa na programu gani. Kama ni Enigma2, hutahitaji kadi kabisa: king'amuzi chenyewe hurusha chaneli kwenye mtandao kupitia poti 8001. Fungua ukurasa wake kwenye kivinjari cha kompyuta, chagua chaneli, chukua kiungo cha strimu, kibandike VLC. Unapata sauti kama ilivyotoka angani, bila kugeuzwa analogi na kurudishwa dijitali. Kasoro moja: redio nyingi za DVB (matangazo ya dijitali ya setilaiti) hutumia MPEG Layer II, aina ya kubana sauti, na spika nyingi za WiFi haziijui. Hapo Pi itabidi iigeuze kuwa MP3.

Wimbi_Refu: Asante. Si Enigma2, menyu ya mtandao ni ya kusasisha programu tu. Nikishapata kadi, narushaje? Na je, optiko isingekuwa bora?

FundiMawimbi: Optiko ni nzuri, ila kadi iwe na *ingizo* la optiko, nyingi zina la kutoa tu. Na kwenye menyu weka sauti PCM (sauti isiyobanwa). Ukiacha Dolby utasikia kelele tupu. Faida yake kubwa ni kwamba haipitishi umeme, kwa hiyo ule mngurumo wa 50 au 60 Hz unaotokana na kitanzi cha ardhi (vifaa viwili kuunganishwa ardhi kwa njia zaidi ya moja) haupo. Ukibaki na RCA na mngurumo ukajitokeza, weka transfoma ya kutenganisha sauti katikati.

Kurusha: sakinisha `icecast2` (seva ya kurushia sauti) na `ffmpeg` (ya kugeuza sauti kuwa MP3), badilisha nywila za mwanzo, halafu (yote mstari mmoja):

`ffmpeg -f alsa -ac 2 -ar 48000 -i plughw:CARD=CODEC -c:a libmp3lame -b:a 128k -content_type audio/mpeg -f mp3 icecast://source:NYWILA@localhost:8000/redio.mp3`

Vyumbani fungua `http://anwani-ya-Pi:8000/redio.mp3`. Kila msikilizaji anakula kama MB 58 kwa saa, mzigo mdogo kwa WiFi. Amri hiyo iweke kwenye systemd (kiendesha huduma cha Linux) na `Restart=always`, la sivyo kadi ikiteleza usiku utaamkia ukimya.

Kituo_Chumbani: Naongeza mambo matatu yanayokera watu. Pi iunganishe kwa waya kwenye ruta. Ikiwa nayo iko WiFi, sauti ileile inapita hewani mara mbili. Kama waya haufiki, zima kuokoa umeme: `sudo iw dev wlan0 set power_save off`. Pili, ving'amuzi vingi hujizima visipoguswa rimoti kwa saa kadhaa. Zima hiyo kwenye menyu. Tatu, usifungue poti 8000 kwenda intaneti. Kusikiliza ndani ya nyumba ni jambo moja, kurushia umma chaneli za watu ni jambo jingine.

Wimbi_Refu: Kuna kuchelewa? Spika mbili zilizo karibu zitapishana?

Kituo_Chumbani: Zitapishana. Icecast humpa kila anayejiunga akiba ya baiti 65,535, yaani sekunde 4 hivi kwa 128k, na kila spika huongeza akiba yake. Kupunguza akiba hiyo (`burst-size` kwenye mipangilio) kunafupisha ucheleweshaji, hakulinganishi spika. Ukitaka zilie pamoja, tumia Snapcast badala ya Icecast: seva kwenye Pi, programu ya kupokea kwenye kila simu au Pi nyingine. Spika za WiFi zisizokubali programu hiyo zibaki na Icecast, kwenye chumba cha peke yake.