Naomba ushauri: kuuza kwa mnada magitaa ya marehemu baba mdogo

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Niko Mbeya, nami ni msimamizi wa mirathi ya baba yangu mdogo, mpiga solo wa muziki wa dansi, aliyeacha magitaa saba ya zamani ya umeme ambayo familia imekubali yauzwe kwa mnada.

Linaloniumiza kichwa ni moja aina ya Fender Stratocaster, ambalo rangi yake imelika hadi mbao kuonekana pale mkono wake wa kulia ulipoegemea. Dalali mmoja alishauri tulipake rangi upya ili livutie wanunuzi; nilikataa, kwa kuwa wakusanyaji huthamini rangi na vifaa vya asili hata vikichakaa, na yale yaliyotengenezwa kabla kampuni ya Fender haijanunuliwa na CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwaka 1965 hutafutwa zaidi. Najua namba zilizogongwa kwenye potenshomita (vifaa vya kuongezea na kupunguzia sauti) zilizo ndani husaidia kukadiria mwaka, lakini naogopa kulifungua kwa bisibisi yangu ya kurekebishia redio.

Je, ni nani hapa nchini anayeweza kuyathamini kwa uaminifu, na ni busara kuyauza moja moja yakiwa na bei ya chini iliyowekwa? Tena, ikiwa ubao wa shingo ni wa rosewood ya Brazili, mti ambao biashara yake ya kimataifa imebanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, tangu 1992, aliyewahi kuomba kibali cha kumpelekea mnunuzi wa nje anieleze alianzia ofisi gani.