Filamu ya marehemu ikifufuliwa, nani mwenye neno la mwisho?

MLETA MADA:

Wadau wa sinema habari zenu. Leo nataka tubishane kidogo kuhusu hizi filamu za zamani za Kifaransa, zile za wakorofi wa miaka ya 1920 na 1930 waliokuwa wanavunja kila sheria ya sinema, ambazo siku hizi zinasafishwa zinatolewa kwenye Blu-ray mtu aangalie sebuleni kwake. Kwenye kava utakuta maneno matamu, sijui toleo kamili, sijui imerudishwa kama mwongozaji alivyotaka. Sasa mimi nauliza, huyo mwongozaji kaulizwa na nani wakati kafa zamani?

Chukueni L'Atalante ya Jean Vigo. Hadithi yenyewe nyepesi tu, binti wa kijijini kaolewa na nahodha wa tishali la mizigo, maisha ya mtoni yanamchosha, anaitamani Paris, anaondoka, mume anabaki kama kichaa. Mwaka 1934 wenye kumbi za sinema walipooneshwa hawakuipenda, kampuni ya Gaumont ikaikata ikabaki kama saa moja na dakika chache, wakachomeka wimbo uliokuwa unavuma mjini badala ya sehemu ya muziki wa Maurice Jaubert, na jina la filamu wakaligeuza likawa jina la ule wimbo, Le Chaland qui passe. Hayo yote yanafanyika Vigo yuko kitandani na kifua kikuu, akafariki Oktoba mwaka huohuo ana miaka 29. Na filamu yake ya kabla ya hapo, Zéro de conduite, serikali ilishaifungia, ikakaa kifungoni mpaka baada ya vita. Yaani jamaa hakuona raha kabisa.

Mwaka 1990 Gaumont haohao ndio wakaja kuifufua (nacheka lakini inauma). Wakapata kopi iliyokuwa imetunzwa London tangu 1934, hapo nawapa hongera zao. Tatizo ni kwamba hawakuishia hapo, wakachukua na vipande vilivyobaki wakati wa kupiga picha wakavitia ndani, na saundi wakaisugua. Wajuzi wakalalamika, mwaka 2001 mwanahistoria wa filamu Bernard Eisenschitz akapewa kazi ya kuirudia na baadhi ya hivyo vipande akavitoa, 2017 ikarudiwa tena kwa 4K, yaani picha kali zaidi. Kwa hiyo mtu aliyeiona enzi za kaseti anabishana na mtu aliyeiona kwenye diski, kila mmoja anaapa anaijua L'Atalante, kumbe ni filamu mbili.

Sisi tuliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, tunajua kuongezewa kitu kwenye filamu, Lufufu yule mtafsiri wa filamu alikuwa anaongea mwanzo mpaka mwisho na hatukuona shida, maana hata mtoto alijua hii sauti ni ya Lufufu na ile picha ni ya wenyewe. Hawa wa diski wanachomeka kitu cha kwao halafu wanakulainishia usione mshono. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Karibuni.

MCHANGIAJI:

Mkuu umeongea vizuri ila unawaonea. Bila hao wafufuaji usingekuwa hata na cha kubishania, mikanda ya zamani ilikuwa inaoza na kuungua moto wenyewe. Mfano Napoléon, filamu bubu ya Abel Gance, ilizinduliwa pale Opéra ya Paris Aprili 1927, baada ya hapo ikakatwakatwa na kila mtu akiwemo Gance mwenyewe, ambaye alirudi kuichokonoa mara kadhaa akiwa hai. Aliyeiokoa ni Mwingereza, Kevin Brownlow, alianza bado mwanafunzi kwa vipande vya milimita 9.5, ile mikanda midogo ya Pathé waliyokuwa wanauziwa watu wa kawaida watazamie nyumbani. Unaona? Filamu imeokolewa na kitu cha sebuleni, na wewe unaishambulia sebule.

Halafu suala la mwongozaji alitaka nini, unafikiri wenyewe walikuwa na msimamo? Un chien andalou, filamu fupi ya mwongozaji Luis Buñuel, ilitoka 1929 bila sauti, mwenyewe akawa nyuma ya skrini anabadilisha santuri, mara Wagner mara tango ya Argentina. Mwaka 1960 akasimamia huo muziki uingizwe kwenye filamu moja kwa moja. Sasa ipi ya kweli, ya 1929 au ya 1960?

MLETA MADA:

Ndugu yangu huo mfano wa Buñuel unanisaidia mimi. Alikuwa hai, kachagua mwenyewe, na tunajua ni mwaka gani, mjadala umeisha. Vigo hakuchagua chochote. Na sijasema wasifufue, naomba usiniwekee maneno mdomoni, nasema waoneshe walichokifanya.

Na hiyo Napoléon uliyoileta ndiyo kesi yenyewe. Toleo la Brownlow lenye muziki wa Carl Davis, ambalo BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, walilitoa kwenye diski 2016, linakwenda kama saa tano na nusu kwa picha 20 kwa sekunde. Mwongozaji wa Marekani Francis Ford Coppola alipoipeleka New York 1981 ikawa kama saa nne, inakimbizwa picha 24, muziki wa baba yake Carmine, na baada ya hapo mambo ya haki za umiliki yakavurugana miaka na miaka. Sasa 2024 Cinémathèque française, hifadhi ya filamu ya Ufaransa, wamemaliza ya kwao, kazi aliyoiongoza Georges Mourier, saa saba, picha 18 kwa sekunde, muziki mwingine kabisa. Hebu fikiria mtu yuleyule anapanda farasi kwa picha 24 na mtu huyo kwa picha 18, huyu anaonekana ana haraka ya wizi, yule ana utulivu wa jenerali. Hiyo sio kusafisha vumbi, ni kuamua tabia ya mhusika.

MCHANGIAJI MWINGINE:

Mimi naona wote mnasahau kwamba kutazama nyumbani kwenyewe ni kuharibu. Mwisho wa Napoléon ni skrini tatu pembeni kwa pembeni, ukumbi unafunguka mpaka unashtuka. Kwenye TV ya inchi 43 hizo tatu zinabanwa zinakuwa kautepe kembamba katikati, juu giza chini giza. Hapo ubishi wa picha 18 au 20 wa nini, kitu chenyewe hakipo.

MLETA MADA:

Hapo umenishika, skrini tatu sina jibu, nyumbani haziji hata ufanyeje. Ila nyumbani pana kitu ambacho ukumbi hauna: nafasi. Ukumbini lazima uchague toleo moja usiku huo, huwezi kuwakalisha watu kwa muda wa saa kumi na mbili mfululizo. Diski zinabeba mawili bila shida. L'Inhumaine ya L'Herbier ya 1924, ile iliyofufuliwa na Lobster Films, ilivyotolewa Marekani waliiweka na muziki wa aina mbili, unachagua mwenyewe, hakuna aliyekufa. Sasa kwa nini L'Atalante nisiuziwe na lile toleo lililokatwa la 1934 pembeni, pamoja na ule wimbo wa kuchomeka, nione uhalifu kwa macho yangu? Na vile vipande vya 1990 viwekwe kando kama mabaki, vina raha yake, sikatai.

Wakinipa hivyo nalipa bei mara mbili. Wakinipa moja tu lenye kava la dhahabu na neno "kamili", basi waandike na nani kaikamilisha na mwaka gani, tena mbele, sio kwenye kijitabu cha ndani ambacho hakuna anayekisoma.